Pikapu tupu kwenye theluji yataka farumi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi, ila tangu Septemba niko karibu na Bolzano, kaskazini mwa Italia, kwenye shamba la matufaha. Tajiri amenipa pikapu ya zamani ya dizeli, gia za mkono, fowili (injini kuzungusha magurudumu yote manne) ya kuingiza mwenyewe, haina ABS, ile breki inayozuia magurudumu yasikwame. Juzi theluji ilianguka. Nilikuwa nateremka bila mzigo, fowili nimeingiza, nikakanyaga breki kwenye kona. Mkia ukazunguka, nusura niingie mtaroni. Matairi ni mapya, yana meno makubwa ya matope. Wenzangu waniambia nitie mchanga nyuma, mimi nafikiri nipunguze upepo wa matairi kama tufanyavyo kwenye mchanga wa Mambrui. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa mshtuko. Milima hiyo naijua. Kabla ya kufungua gereji hapa Malindi niliendesha pikapu huko misimu sita ya baridi, na hilo lililokupata lilinipata msimu wa kwanza.

Kosa halikuanza kwenye breki. Lilianza pale ulipoamini kwamba fowili itakushika. Fowili husaidia gari kuondoka na kupanda. Kusimama haisaidii, kwani kila gari, lenye fowili na lisilo nayo, hufunga breki magurudumu yote manne. Na pikapu kama yako ina jambo zaidi. Ukiingiza H4, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, akseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, hakuna difu katikati ya kuziacha zizunguke kwa kasi tofauti. Ukibana breki kwa nguvu, akseli moja ikikwama huvuta na mwenzake, na gurudumu lililokwama halishiki njia kwa ubavu. Hapo usukani unauzungusha bure. Mteremkoni uzito wote umekimbilia mbele, nyuma una bodi tupu, basi mkia ndio wa kwanza kutoka.

Wenzako wa mchanga wamesema kweli. Wewe umekulia pwani, unajua jahazi likishusha shehena halirudi baharini bila farumi, uzito wa kulituliza. Pikapu ni vivyo hivyo: springi na akseli ya nyuma vimeundwa kwa ajili ya mzigo. Chukua magunia manne hadi sita ya kilo 25, uyapange juu ya akseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Usiyasukume hadi kwenye mlango wa nyuma. Uzito uliopita akseli huzamisha tezi, yaani nyuma, na kuinua omo, yaani mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokuongoza. Yafunge kwa mikanda, maana gunia lililo huru, siku ya breki kali, litapita kwenye kioo na kukufikia kisogoni. Na mchanga uwe mkavu, ndani ya mifuko isiyoingia maji. Mwaka mmoja nilijaza mchanga wenye unyevu. Asubuhi nikakwama, nikafungua gunia nimwage kidogo chini ya gurudumu; lilikuwa jiwe, hata bisibisi haikuingia.

Upepo usipunguze. Mambrui tunapunguza ili tairi lilale pana lisizame mchangani. Barabara yako ina theluji iliyokandamizwa na magari, na hapo tairi linatakiwa liume, lisielee. Tena baridi yenyewe inapunguza upepo, karibu pauni moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Pima asubuhi kabla hujaondoka, ujaze kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni hayo matairi. Meno makubwa yanafaa njia ya matope ya Kakuyuni wakati wa masika. Kwenye barafu ni kama umevaa viatu vya mbao. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi la kawaida huwa mgumu. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini, na kila jino limechanjwa mikato myembamba inayouma theluji. Tazama ubavuni: unatafuta mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazinitoshi, kwa kuwa hata matairi ya matope huandikwa hivyo. Mwombe tajiri manne, si mawili, wala usione haya. Italia, kwenye barabara zilizowekewa alama, sheria inataka matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili.

Sasa kuteremka. Kabla hujaanza kushuka, ingia gia ya pili, uachie klachi polepole, uache injini izuie gari. Breki umalize kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, ukikanyaga kidogo na kuachia, kidogo na kuachia. Mkia ukitoka, ondoa mguu kwenye mafuta na breki, kanyaga klachi, geuza usukani upande ule ule mkia unakokwenda, macho yako yakitazama unakotaka kufika. Gari likianza kunyooka rudisha usukani upesi, la sivyo mkia utapiga upande wa pili, na mara nyingi huo wa pili ndio unaoangusha watu. Ukifika kwenye lami kavu, toa H4.

Barafu nyeusi, ule utando mwembamba wa barafu juu ya lami, huioni, lakini huisikia. Mngurumo wa matairi hukatika ghafla, usukani huwa mwepesi kama wa gari lililo juu ya jeki. Usifanye chochote kwa pupa: shika usukani, achia mafuta taratibu, upite. Itegemee zaidi darajani, kwa sababu baridi hupiga daraja juu na chini.

Kuna jambo moja hukuniuliza. Huku kwetu tumezoea kujaza rejeta maji ya bomba. Huko maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bloku ya injini hupasuka. Rejeta inatakiwa nusu maji, nusu kolanti, ile dawa ya kuzuia maji yasigande. Ikiwa umewahi kuongeza maji matupu tangu ufike, mwambie tajiri leo, kabla jua halijazama.