Bunge jipya likianza, subiri kipindi cha maswali

Novemba 2010 nilipanda basi Mbeya alfajiri, nikalala Iringa, kesho yake nikakata Mtera kwenda Dodoma. Sehemu kubwa ya barabara ile ilikuwa bado ya vumbi, nikafika mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Tulikuwa wageni wa mbunge wetu, tumekwenda kushuhudia Bunge la Kumi likizaliwa.

Tarehe 12 Mama Anne Makinda wa Njombe Kusini alimshinda Mabere Marando, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu. Wazee wa Iringa niliokaa nao jukwaani walifurahi kama harusi, wakakumbushana Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Kalenga, aliyekalia kiti hicho miaka mingi kuanzia 1962. Kisha vikaanza viapo. Mbunge mmoja mmoja anaitwa, anapewa Biblia au Korani, anaapa, anakwenda kupeana mkono na Spika. Saa baada ya saa. Nauli ikaniita nyumbani, hivyo Mizengo Pinda kuthibitishwa kuwa Waziri Mkuu, na hotuba ya Rais Kikwete ya tarehe 18 ambayo wabunge wa Chadema waliisusia wakatoka nje, nilivifuata kwa redio.

Nilirudi na picha nzuri. Jibu la jambo lililonipeleka sikurudi nalo, na jambo hilo ni lumbesa.

Sisi wa Uporoto, huko milimani Mbeya, tunalima viazi. Mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake kinajengwa kichuguu kingine kinachofungwa kwa kamba na nyavu. Wewe unalipwa gunia moja. Niliamini Bunge jipya litaanza na mambo kama hayo, na lilipokaa siku zile zote bila kuyataja niliumia, nikamlaumu mbunge wangu kijiweni na kanisani.

Nilimwonea. Katiba yenyewe inasema kiti cha Spika kikiwa wazi, Bunge halifanyi shughuli nyingine yoyote isipokuwa kumchagua Spika. Baada yake ni viapo, kumthibitisha Waziri Mkuu, kumpata Naibu Spika na kumsikiliza Rais. Mkutano wa kwanza ni wa kuunda chombo. Kwa hiyo ndugu yangu, ukisikia Bunge jipya limeanza, usimpime mbunge wako kwa kiapo wala kwa suti aliyovaa siku ile. Msubiri mkutano unaofuata, siku ya kawaida isiyo na shamrashamra.

Siku hiyo inaanza saa tatu asubuhi. Siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, inatangulia, Spika anafuata, watu wote wamesimama, dua inasomwa. Zinawasilishwa hati mezani, kisha ndipo Katibu anaita maswali. Hapo kaa karibu na redio. Swali la msingi liliandikwa zamani na jibu lake liliandaliwa na wataalamu wa wizara, kwa hiyo linasomwa tu. Uzito uko kwenye maswali mawili ya nyongeza ambayo mwenye swali anaruhusiwa kuuliza papo hapo. Mbunge anayelijua jimbo lake utamtambua hapo: atataja kijiji, atataja daraja, atamwambia waziri kwamba fedha anazosema zimefika hazijafika. Asiyelijua atashukuru kwa majibu mazuri na kuketi.

Jifunze pia lugha ya majibu. Mimi ilinichukua miaka. Waziri akisema barabara yenu iko kwenye "upembuzi yakinifu", maana yake bado wanachunguza kama inafaa kujengwa. Akisema "usanifu wa kina", wameanza kuichora. Akisema mkandarasi amepatikana, hapo unaweza kuchangamka kidogo. Na akimalizia na "kadiri ya upatikanaji wa fedha", andika tarehe kwenye daftari lako, usiuze ng'ombe kununua kiwanja kando ya barabara hiyo. Nawajua watu waliouza.

Wakati wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, sikiliza nani anashika shilingi. Mbunge asiyeridhika anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri ili jambo lake lijadiliwe. Waziri akitoa ahadi ya kueleweka, mbunge anairudisha. Wengine huirudisha haraka mno, kabla hata ahadi haijatamkwa yote, na hilo nalo ni la kuandika.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huwaita wadau kutoa maoni. Kikundi cha wakulima ni mdau. Andikeni mapema, karatasi moja inatosha, msisubiri uje ukumbini kwa kusomwa mara ya pili.

Kusikiliza peke yake hakutoshi. Nililijua hilo mwaka 2016, matangazo ya moja kwa moja yalipopunguzwa na sisi huku tukabaki na vipande vya usiku. Kijana wangu mmoja akanionesha kwamba kwenye tovuti ya Bunge kuna Hansard, yaani Majadiliano ya Bunge, kila neno lililosemwa, kwa Kiswahili, limepangwa kwa mkutano, kikao na tarehe. Usiku ule sikulala mapema. Nilitafuta neno lumbesa, nikalikuta mara nyingi kuliko nilivyodhani. Wabunge wa mikoa mbalimbali walikuwa wameuliza, na katika jibu mojawapo waziri alisema halmashauri zitunge sheria ndogo na zitenge vituo vya kuuzia mazao vyenye mizani.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunalia na Dodoma, kumbe kazi ilikuwa imeshatupwa kwenye halmashauri yetu wenyewe!

Tulichapisha kurasa mbili pale steshenari ya Uyole, nakala tatu, tukamfuata diwani. Mzee wetu wa kikundi alizisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Diwani akauliza, "Mzee wangu, hii mmeipata wapi?"

"Bungeni, Mheshimiwa."

Akaomba abaki na nakala. Tulimwachia. Tuliporudi wiki ya tatu alisema imepotea, tukampa ya pili. Nenda na nakala zaidi ya moja, hili nakuomba sana, na kila moja iwe na tarehe ya kikao juu yake.

Ilichukua misimu miwili. Asubuhi mzani ulipowekwa kituoni, wanunuzi wawili waligoma, wakaondoka na malori matupu kwenda kijiji cha pili. Tulikaa kimya, viazi vyetu viko chini, mvua inanyemelea kutoka upande wa Rungwe. Mchana akaja wa tatu. Gunia lake la kwanza lilisoma kilo 134. Aliuangalia mshale, akatuangalia, kisha akaikata kamba ya juu mwenyewe na kuanza kupunguza viazi, kimoja kimoja, mpaka mshale ukarudi kwenye 100.