Kumfuta kocha katikati ya msimu: yaliyotupata mimi nikiwa katibu

Aliyeanzisha mada anasema timu ya mtaani kwao Kisauni imemtimua kocha baada ya mechi saba, na mwenyekiti akiulizwa hujibu, "Hata Chelsea walifanya, wakabeba kombe." Anataka kujua kama jambo hili hufaa kweli. Mimi nimekuwa katibu wa timu ya daraja la chini hapa Mombasa misimu minne, na msimu mmoja kati ya hiyo tulikuwa na makocha watatu. Jina la timu niachieni, bado twaamkiana.

Mwenyekiti wenu hasemi uongo. Machi 2012 Chelsea walimpiga kalamu kocha wao Villas-Boas, timu akaachiwa msaidizi wake Di Matteo, na Mei wakaifunga Bayern kwa penalti katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, kulekule kwao Munich. Januari 2021 wakarudia: Lampard akafutwa, Tuchel akaingia, na siku moja baadaye alikuwa kando ya uwanja dhidi ya Wolves. Akaenda mechi 14 bila kupoteza, mwisho akachukua Ligi ya Mabingwa. Lakini mwulizeni pia Di Matteo alifikia wapi. Novemba ya mwaka uleule wa 2012 alikuwa hana kazi. Na mwulizeni habari ya Nottingham Forest msimu wa 2025/26, walipomleta Postecoglou: siku 39, mechi nane, hakushinda hata moja.

Sasa yetu. Kocha wa kwanza tulimwita Mwalimu. Tulipoteza mechi tano mfululizo, tukamfuta Jumapili usiku kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo niliuandika mimi. Jumatatu alfajiri tumefika uwanjani Changamwe, vijana wanafunga viatu, ndipo tukagundua hakuna koni. Zilikuwa zake. Filimbi pia, na mipira miwili kati ya minne. Kocha mpya alitutazama tu. Tukaokota chupa za maji kando ya uwanja, tukazijaza mchanga, zikawa ndizo koni zetu kwa mwezi mzima.

Basi tukashinda. Mechi ya kwanza 2-0, ya pili tukashinda, ya tatu pia. Barazani watu wakawa wanasema tumechelewa kumfuta Mwalimu. Nikitazama nyuma, kocha mpya hakuleta uchawi wowote. Alimrudisha kiungo mmoja aliyekuwa ameadhibiwa kwa kuchelewa mazoezini, na akatangaza kwamba namba zote ziko wazi. Waliozoea kuanza wakaingiwa na baridi, waliozoea benchi wakakimbia mpaka wengine wakatapika. Tena kuna ratiba. Timu tatu tulizozifunga zote zilikuwa chini yetu kwenye msimamo, na katika zile tano zilizomponza Mwalimu, nne zilikuwa juu yetu. Ratiba hiyo niliichapa mimi mwenyewe na kuibandika ukutani, wala sikuisoma.

Kosa letu kubwa lilikuja baada ya hapo. Kwa ushindi wa wiki tatu tukampa mkataba hadi mwisho wa msimu uliofuata, na posho tukaiongeza. Manchester United walilitenda hilohilo, wao kwa pesa za kuonekana. Desemba 2018 Mourinho akatoka, Solskjær akaja kwa muda, akashinda mechi 14 kati ya 19, na tarehe 28 Machi 2019 akapewa kazi ya kudumu. Katika mechi kumi zilizobaki akashinda mbili, wakamaliza wa sita. Sisi baada ya kutia sahihi tulipata sare moja katika mechi sita. Akaja kocha wa tatu, akakaa wiki tano, na kumbukumbu yake kwangu ni risiti za nauli.

Lakini kinachonikera hadi leo si matokeo. Mwalimu alikuwa na daftari la jalada gumu, la kijani, kona zimelika. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake: anaumwa wapi, nani anapiga zamu ya usiku bandarini, nani hana nauli ya kurudi Likoni. Beki wetu wa kushoto alikuwa na goti bovu, na Mwalimu alikuwa akimchezesha Jumamosi, Jumatano anampumzisha. Kocha mpya hakulijua hilo, na sisi viongozi hatukumwambia kwa sababu hata sisi hatukulijua. Kijana mwenyewe alinyamaza. Namba ziko wazi, nani atasema anaumwa? Mechi ya nne akaanguka karibu na kibendera cha kona, hakuna aliyemgusa. Msimu ule hakucheza tena.

Sisemi kocha asifutwe kamwe. Mwaka 2017 Crystal Palace walimwondoa De Boer baada ya mechi nne za ligi, zote kapoteza, bao hata moja hawajafunga. Hodgson aliyemrithi naye akapoteza tatu za mwanzo za ligi. Hawakumgusa, na msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 11. Wangehesabu kwa wiki tatu kama sisi, wangemfuta naye!

Kwa hiyo, ndugu wa Kisauni, kwanza andikeni mlicheza na nani katika hizo mechi saba, na saba zijazo ni za nani. Kocha mpya mwambieni ni wa muda hadi filimbi ya mwisho ya msimu, hata akishinda kumi mfululizo. Na huyo mliyemtimua mwendeeni kwake, watu wawili, mkiwa na deni lake mkononi kama lipo, mumwombe awaeleze habari za wachezaji mmoja mmoja.

Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa, miezi mitatu baadaye. Nilimkuta Mwembe Tayari jioni, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akaniagizia kikombe, akasogea nikae, halafu akaniuliza: "Goti la yule kijana laendeleaje?"