Hesabu mechi kabla ya kualika timu

Mashindano ya watoto wakati wa likizo huharibikia mezani, wiki mbili kabla ya filimbi ya kwanza. Kila kijiji kinaomba nafasi, mratibu anaona haya kukataa, na mwishowe ana timu 16, kiwanja kimoja na siku mbili.

Chukua kalamu. Timu 16 katika makundi manne ni mechi 24 za makundi. Ongeza robo fainali 4, nusu fainali 2 na fainali, zinakuwa 31. Watoto wa chini ya miaka 13 wakicheza dakika 25 kila kipindi, pamoja na mapumziko na muda wa timu kupishana, kila mechi inakula dakika 65. Huku Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, jua la Januari halichezeki kati ya saa sita na saa tisa. Ukianza saa mbili asubuhi unapata mechi tatu kabla ya joto na mbili baada yake. Tano kwa siku. Mechi 31 zinahitaji wiki nzima.

Sasa jaribu timu 8 katika makundi mawili: mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili, fainali moja. Jumla 15, siku tatu sawasawa. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa maana siku ya tatu ina mechi za mwisho za kundi, nusu fainali na fainali, na timu inayofika mbali inaweza kucheza mara tatu, dakika 150, kwa miguu ya mtoto wa miaka 12. Misuli inakaza, vifundo vinateguka, na kocha anamrudisha uwanjani kwa sababu hana mwingine. Tumia siku nne, wikendi mbili: mechi nne kila siku kwa siku tatu za kwanza, kila timu ikicheza mara moja tu, kisha nusu fainali asubuhi na fainali jioni ya siku ya nne. Fainali ianze saa tisa. Jua letu huzama karibu saa moja mwaka mzima, na lori lililojaa watoto halifai kuwa barabarani gizani.

Sheria za soka zinaruhusu mashindano ya vijana kufupisha muda na kumrudisha mchezaji aliyetolewa. Itumieni ruhusa hiyo. Mtoto aliyesafiri kilomita 30 akakaa benchi siku nne ameonewa, hata timu yake ikichukua kombe.

Kuhusu umri, tuseme wazi: zawadi ya ng'ombe dume ndiyo inayoleta wanaume wenye ndevu kwenye mashindano ya watoto. Watu wazima hawadanganyi kwa ajili ya mipira miwili na seti ya jezi. Punguza zawadi ya bingwa, kila timu iondoke na kitu. Cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, peke yake hakitoshi, na kikiwa kimetolewa wiki jana si ushahidi wa wizi pia, maana wengi husajili watoto kwa kuchelewa. Omba karatasi mbili: cheti, pamoja na kadi ya chanjo au daftari la shule. Mpige kila mtoto picha siku ya usajili, uibandike kwenye fomu, na makocha wote wawili wakague kabla ya mechi. Malalamiko yapokelewe kabla ya filimbi, si baada ya kufungwa mabao matatu.

Mechi za mwisho za kundi zianze kwa wakati mmoja, ili timu mbili zisipangiane matokeo. Kama kiwanja ni kimoja, azima cha shule jirani kwa asubuhi hiyo. Posho ya refa itoke mkononi mwa mratibu, kabla ya mechi, kamwe isitoke kwa timu mwenyeji.

Maji: nusu lita kwa mtoto kwa mechi. Wachezaji 18 ni lita 9, kwa hiyo jerikani ya lita 20 inatosha timu mbili. Yawe yamechemshwa, na kila mtoto awe na chupa yake yenye jina. Magoli ya chuma yasiyochimbiwa yafungwe magunia ya mchanga nyuma, kwa kuwa mtoto akining'inia juu yake linamwangukia.

Radi ikinguruma, simamisha mechi, watoto waingie kwenye jengo imara, na msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Novemba 2024 radi iliua watu 14 katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo. Mwembe na kibanda cha mabati si kinga.

Mtoto akigongwa kichwa kisha akauliza swali lile lile mara mbili, akatapika au akayumba, hachezi tena siku hiyo, hata akilia. Mpeleke kituo cha afya. Kwa hiyo gari moja liwe na mafuta tangu asubuhi, na namba ya dereva iandikwe kwenye fomu ya kila kocha.