Diski kukataa kulala, na mfumo kuganda inapoamshwa

Ndugu, umeeleza kwamba umeandika auto kwenye faili la control (linaloamua kama diski inaruhusiwa kulala isipotumika) la diski yako ya SATA katika Linux lakini diski hailali, na kwamba ulipoilazimisha ilale, mfumo uliganda pale ulipotaka kusoma data. Nimekutana na yote mawili, na ninakushauri uyatenganishe, kwa sababu chanzo chake si kimoja.

La kwanza mara nyingi si hitilafu. Fungua /sys/block/sda/device/power/autosuspend_delay_ms: kwa diski za namna hii keneli, yaani kiini cha Linux, huweka -1, na thamani yoyote iliyo chini ya sifuri huzuia diski isilale, hata kama control inasema auto. Weka 15000, yaani sekunde 15, kisha tazama runtime_status, faili linaloonyesha kama diski imelala. Ikibaki active, kuna programu inayoigusa diski. Washa tukio la block_rq_issue, linaloandika kila ombi linalotumwa kwenye diski, ndani ya /sys/kernel/tracing, nawe utaona jina la mchakato mwishoni mwa kila mstari. Ukikuta kworker, yaani mchakato wa ndani wa keneli yenyewe, jina hilo halikusaidii sana, kwani huenda keneli inaandika data iliyoachwa na programu nyingine. Diski ikilala kisha ikaamka kila dakika 30, mshuku smartd, programu inayokagua afya ya diski, na usitegemee chaguo lake la -n standby, linaloiambia isiiguse diski iliyolala: hata kuuliza kama diski imelala ni ombi, na ombi la kawaida huiamsha.

La pili ndilo zito. Diski inapolala, foleni yake hupitisha maombi yaliyotiwa alama ya usimamizi wa umeme tu. Mengine yote husubiri hadi iamke. Sasa, draiva (programu inayoendesha kifaa) ikituma amri isiyo na alama hiyo ikiwa katikati ya kuiamsha diski, amri itasubiri diski iamke, na diski haiwezi kuamka mpaka amri ijibiwe. Hakuna kinachosonga tena, na baada ya sekunde 120 keneli huanza kulalamika kwamba mchakato umekwama.

Katika seva niliyokuwa naihudumia, ushahidi ulipatikana kwa kuandika w kwenye /proc/sysrq-trigger, ambayo humwaga kwenye dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa keneli, orodha ya michakato yote iliyokwama. Michakato mingi ilikuwa imesimama kwenye blk_queue_enter, yaani mlango wa kuingia foleni ya diski, jambo ambalo peke yake halithibitishi chochote, kwa kuwa hao ni wasomaji wa kawaida wanaongoja zamu. Kilichotoa jibu ni mchakato mmoja ambao katika mpororo wake (orodha ya hatua za keneli zilizoitana, ya mwisho ikiwa juu) chini ya blk_queue_enter ulikuwa na rpm_resume, hatua ya kuamsha kifaa: yaani mwamshaji mwenyewe alikuwa amepanga foleni. Kosa lilikuwa kwenye draiva ya kontrola (kifaa kinachounganisha diski na kompyuta), draiva iliyojengwa nje ya keneli, na amri yake ilipotiwa alama inayostahili, kuganda kulikoma.

Kwa hiyo tafadhali weka hapa mpororo wa mchakato wenye rpm_resume, pamoja na toleo la keneli yako na jina la draiva ya kontrola. Hadi hapo rudisha control kwenye on, ili data yako isiwe hatarini.