Maswali ya Wasomaji: Wodini, Figo Ikisubiriwa

SWALI: Mume wangu amelazwa akisubiri figo ya mdogo wake. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Manesi wamempangia maji kidogo mno, kutwa analia kiu. Nikimwongezea kidogo kuna ubaya? Na chakula ninachompelekea nikipikeje?
Mke, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, dada. Tafadhali usimwongezee. Kwa kawaida hesabu yake huwa hivi: mkojo alioutoa jana kwa saa 24, jumlisha nusu lita. Kama alitoa mililita 300, leo anapata 800, na humo mnahesabu chai, uji, mchuzi, tikiti maji, hata maji ya kumezea vidonge. Yakizidi hayana pa kutokea: presha inapanda, mapafu yanajaa maji, usiku akilala chali anakosa pumzi. Halafu siku ya mashine, ikibidi kuvuta kilo nne za maji ndani ya saa nne, presha inaporomoka, misuli ya miguu inakaza, na anarudi kitandani hana hata hamu ya kula. Kati ya kusafishwa mara moja na nyingine, uzito usipande zaidi ya kilo mbili hivi. Apimwe kila asubuhi kwa mizani ileile, akishakojoa na kabla ya chai.

Jaribu hivi: asubuhi jaza chupa moja kwa kipimo chake cha siku nzima. Akinywa kikombe cha chai, mwaga kutoka kwenye chupa kiasi kilekile. Chupa ikiisha, siku imeisha, na mwenyewe anaona. Mdomo ukikauka asukutue na kuyatema, au anyonye kipande cha barafu, nacho kihesabiwe.

Kiu kali mara nyingi huletwa na chumvi, kwa hiyo tazama jikoni kwako kwanza. Maharage yasitiwe magadi, mchuzi usiwekwe vidonge vya supu, ng'onda na dagaa wa chumvi wabaki nyumbani. Ile chumvi inayouzwa kwa wenye presha usimpe kabisa. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikipanda mno huweza kusimamisha moyo, pengine bila dalili yoyote ya kutangulia.

Kwa sababu hiyohiyo viazi, mihogo, ndizi za kupika na mchicha vina mapishi yake. Menya, katakata vipande vidogo, loweka kwenye maji mengi kwa saa kadhaa, mwaga. Chemsha kwa maji mapya mengi, mwaga tena, ndipo uunge. Watu huharibu hapo mwisho, wanapoyatumia maji ya kuchemshia kuwa mchuzi. Potasiamu iliyotoka imo humo. Dafu, parachichi, ndizi mbivu na juisi ya machungwa viacheni. Birimbi pia, na zaidi lile tunda la jamii yake ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota: lina sumu ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa, huanza kwa kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa na degedege. Na kama ana vidonge vya kuzuia fosfeti, madini ya kwenye chakula, yasiingie kwenye damu, avitumie pamoja na mlo. Akivila tumbo tupu havina cha kukamata.

SWALI: Damu ya dada yetu iko chini. Ndugu tumejitolea kumchangia, lakini daktari anasita. Kwa nini?
Ndugu, Tanga

JIBU: Anasita kwa faida yenu. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo huweza kuja kuikataa figo yenyewe. Hapa Tanzania, tangu Muhimbili ilipoanza upandikizaji mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata, figo hutolewa na ndugu aliye hai. Damu zao zisipokubaliana katika kipimo cha kuzichanganya, huenda hakuna ndugu mwingine wa kumgeukia. Ndiyo maana hutangulizwa sindano za eritropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, pamoja na madini ya chuma. Matokeo huchukua wiki kadhaa, na hayaji kama chuma hakitoshi au kuna maambukizi mwilini. Hali ikiwa ya hatari, damu atawekewa.

SWALI: Mimi ndiye ninayemtolea kaka figo. Nimeambiwa nirudie kukusanya mkojo wa saa 24. Je, figo zangu ni mbovu?
Mtoaji, Dodoma

JIBU: Si lazima. Mara nyingi mkusanyo haukukamilika, na maabara hulitambua hilo kwa kiasi cha kreatinini (taka itokayo kwenye misuli) kilichomo. Ukiamka, tuseme saa 12 asubuhi, kojoa chooni na uandike muda. Huo haumo kwenye hesabu. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, pamoja na ule wa wakati wa haja kubwa, ambao wengi huusahau. Kesho yake saa 12 kojoa mara ya mwisho, na huo utie ndani. Ukiumwaga mmoja kwa bahati mbaya, sema, uanze upya. Ukinyamaza, figo nzima itaonekana dhaifu.

SWALI: Siku za mwisho kabla ya upasuaji tuangalie nini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Homa, kikohozi, jino bovu, kidonda: chochote kati ya hivyo kinaweza kuahirisha upasuaji, kwani dawa zinazozuia mwili usiikatae figo hupunguza kinga. Wageni wenye mafua wasalimie kwa simu. Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, usipimwe presha wala kutolewa damu. Asubuhi na jioni aguse asikie mtetemo, na ukipotea aseme papo hapo. Mwenye katheta (mrija wa mashine) shingoni asiilowanishe, na akitetemeka kwa baridi akiwa kwenye mashine, nesi aitwe mara moja. Takrolimus, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia figo isikataliwe, ikianza, kwa kawaida ni kila baada ya saa 12. Asubuhi ya kupima kiwango chake, damu hutolewa kwanza, dawa baadaye. Balungi asile tena, maana hupandisha dawa hiyo kwenye damu.