Re: Paka wa kisukari hali, amelala tu

Waalaykum salaam, dada. Umesema paka wako wa kisukari tangu jana amelala tu, chakula anakinusa na kukiacha, na unauliza umchome insulini kama kawaida. Ikiwa hajala, usimchome dozi nzima kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo. Sukari yaweza kushuka ghafla. Ukimwona anapepesuka au anatetemeka, mpake asali kidogo kwenye fizi, umpeleke saa hiyo hiyo.

Akitapika, au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hapo ni kinyume chake: sukari imepanda na asidi imejaa damuni. Usingoje asubuhi. Na hata bila hayo, paka akikaa siku mbili bila kula ini huanza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene.

Wangu humbembeleza kwa supu ya samaki changu, vuguvugu, bila chumvi wala kitunguu. Wali nimemwachisha, ingawa ndio aliolelewa nao hapa Ng'ambo, Unguja (alininunia wiki nzima!).

Halafu itazame chupa yenyewe. Umeme ukikatika na friji ikapata joto, dawa yaweza kuharibika. Bomba la sindano nalo lilingane na chupa: U-40 (yuniti 40 za insulini kwa mililita) na U-100 (yuniti 100) hazilingani.