Muuguzi kuipenda wodi hakutoshi

Dada, umeuliza kwa nini wauguzi wako hapo Moshi wanaipenda hospitali lakini hawaombi kozi wala majukumu mapya. Kwanza jua wanabaki kwa nini. Watafiti wa saikolojia ya kazi, Meyer na Allen (1991), walitofautisha anayebaki kwa kuipenda kazi, anayebaki kwa kuona ana deni, na anayebaki kwa sababu kuondoka kutamgharimu. Huyu wa tatu ndiye mara nyingi hajitokezi.

Halafu tazama anavyokabili msongo. Dawa ikiisha usiku, mmoja anapiga simu famasi na kuandika kwenye kitabu cha ripoti. Mwingine ananyamaza akisubiri kukuche. Tafadhali usimwite mvivu, pengine alishasema na hakusikilizwa.

Kaa na kila mmoja dakika 15 baada ya makabidhiano ya zamu, kamwe si kwenye ripoti ya asubuhi mbele ya wenzake. Chagueni ujuzi mmoja wa miezi 3, mfano kujaza partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua) au kuhudumia kidonda cha kisukari, na zamu za kujifunza ziingie kwenye rosta. Zisipoandikwa, uhaba wa watu utazimeza wiki ya kwanza tu.